Chandarua kimoja, nyumba mbili

Kila ikikaribia tarehe 25 Aprili, Siku ya Malaria Duniani, picha ileile hurudi mitandaoni: chandarua kimezungushiwa bustani ya mchicha, au vifaranga wamefunikwa nacho. Chini yake watu wanaandika kwamba wanakijiji hawaelimiki. Nimekulia Bonde la Kilombero, na maneno hayo yananikera.

Tarehe hiyo wengi wa wanaosemwa hawapo hata kijijini. Mpunga umetoa masuke, kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na asiyeamia ndege tangu alfajiri havuni kitu. Basi watu wanahamia shamba na sufuria, mkeka na mtoto wa kunyonya, wanakaa kibandani miezi miwili, hata mitatu. Wanaosoma wanabaki kijijini na bibi.

Mama alikuwa anakifungua chandarua cha kitandani kwake, anakikunja ndani ya ndoo na kwenda nacho. Kule anakifunga kwenye fito nne. Kibanda ni kifupi, kwa hiyo kinaburuta chini, moshi wa kuni unakipata, fito zinakichana. Matundu aliyafunga mafundo kwa uzi wa kiroba, moja moja, mpaka kikafanana na wavu wa babu. Baada ya mavuno kilirudi nyumbani kina rangi ya chai. Kikishafika hapo, kuwapa vifaranga sioni kosa. Anayevulia dagaa kwa chandarua kipya huyo simtetei.

Na mbu wa kwetu si wa kuchezea. Watafiti wa Ifakara wameonyesha kuwa sehemu kubwa ya malaria bondeni inaletwa na Anopheles funestus, anayezaliana kwenye maji yasiyokauka na kuuma ndani, usiku wa manane. Dawa ya vyandarua vya kawaida ameshaizoea. Kinachobaki ni kitambaa chenyewe kumzuia, na kitambaa chenye matundu hakizuii.

Ugawaji wenyewe haujalala. Mjamzito anapewa chandarua kliniki, na tangu 2013 wanafunzi nao wanapewa shuleni, kwa kuanzia Lindi, Mtwara na Ruvuma. Ugomvi wangu uko kwenye hesabu ya kampeni kubwa: chandarua kimoja kwa watu wawili. Kwa karatasi inatosha. Lakini msimu wa ndege nyumba moja inakuwa mbili, na hakuna anayeuliza mwezi wa tano mnalala wapi. Mimi ningetoa kimoja cha ziada kwa kila kaya yenye kibanda shambani, tena kifupi, cha kutosha mkeka.

Nakumbuka mwandikishaji alivyokuja kwetu, daftari mkononi, akabisha hodi.

"Shikamoo bibi. Hapa wanalala wangapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kwa leo? Wanne."

Kwetu tulikuwa saba. Baba, mama na mdogo wangu walikuwa shamba. Akaandika wanne, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Tukaletewa viwili.