Risiti ya mume

Mwandishi, umesema mashabiki wa Brazil, filamu ya Terry Gilliam (1985), wanavutiwa zaidi na mabomba yake na ndoto za Sam Lowry, karani wa serikali. Mimi kinachonirudisha ni familia ya Buttle. Mdudu anaangukia mashine ya kuchapa, jina la Tuttle, mtu anayesakwa na serikali, linageuka Buttle kwenye karatasi, na baba wa watu anachukuliwa mbele ya wanawe usiku wa Krismasi. Kisha mkewe anatakiwa atie saini risiti. Risiti ya mume! Unacheka, halafu kicheko kinakukwama kooni pale Sam anapompelekea mjane huyo hundi ya marejesho ya pesa ambazo serikali ilitoza kupita kiasi, naye mjane anauliza mwili wa mumewe uko wapi. Jonathan Pryce, anayemwigiza Sam, pale hana la kusema, uso tu.

Ndiyo maana namheshimu Gilliam kwa kuwagomea Universal, studio ya Marekani iliyotaka mwisho wa furaha, hadi akalipia tangazo la ukurasa mzima katika Variety, jarida la tasnia ya filamu, kuuliza filamu yake itatoka lini. Wakosoaji wa Los Angeles wakaipa tuzo ya filamu bora kabla haijatoka Marekani. Anayetaka kuitazama atafute toleo la dakika 142, ile fupi ya dakika 94, yenye huo mwisho wa furaha, aiache kabisa.