Faini Elfu Kumi, Mbio za Kuua Mtu

Hivi jamani, faini ya bodaboda si ilishushwa bungeni hapa hapa Dodoma mwaka 2021, kutoka shilingi elfu thelathini hadi elfu kumi kwa kosa? Sasa difenda ya polisi inapofungua king'ora kumfukuza dogo wa bodaboda asiyevaa elementi, yaani helmeti, kutoka Sabasaba mpaka Chang'ombe, inakimbiza nini hasa? Brekipedi zitakazoungua hapo tu zinaizidi hiyo elfu kumi!

Na dogo naye kichwa maji. Akisikia king'ora, akili yote inahamia kwenye mkono wa kulia. Kukaidi amri ya kusimama ni kosa jingine, kuendesha kwa hatari jingine, akimkumba mama wa nyanya ndiyo kabisa. Alikuwa na kosa la kulipia kwa simu, kajitafutia la mahabusu.

Tupige hesabu, maana wenye usukani hawapigi. Kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakula mita 14 kila sekunde. Dereva mwenye macho makavu hutumia kama sekunde moja kabla mguu haujagusa breki, halafu breki kwenye lami kavu inataka mita 14 nyingine. Jumla 28. Sasa kanyaga hadi 100. Utasema 56? Thubutu! Mwendo ukiwa mara mbili, breki inataka mara nne: mita 28 za kushtuka, 56 za kushika, jumla 84. Hapo tairi si kipara na lami haina mchanga. Lini Dodoma imekosa mchanga barabarani?

Halafu kuna punda. Mkokoteni wenye madumu kumi ya lita 20 ni kilo 200 za maji, na punda hajasomeshwa king'ora. Hasogei pembeni: anasimama katikati ya njia, anageuza sikio moja, anafikiria. Binadamu hatujamzidi sana. Bodaboda ikishapita, wote tunaingia barabarani kuchungulia imeelekea wapi, na difenda ndiyo kwanza inatokea kwenye kona. Aliyeikwepa ya kwanza anagongwa na ya pili. Dereva wa difenda hamuoni, macho yake yameganda kwenye taa ya nyuma ya pikipiki. Akikanyaga breki mara nyingi mfululizo, mafuta ya breki ya zamani yaliyoingia maji yanachemka, pedali inazama mpaka sakafuni.

Mtaniambia sheria inaruhusu. Ndiyo, askari anaruhusiwa kutumia nguvu kumkamata anayekimbia, ila isizidi inayohitajika. Marekani mwaka 2007 majaji wanane kwa mmoja wa Mahakama ya Juu walimpa haki polisi wa Georgia aliyeligonga kwa nyuma gari la kijana wa miaka 19. Kijana alianza na kosa la mwendo tu, akaishia kupooza. Uingereza nako tangu 2022 dereva wa polisi aliyefunzwa mbio anapimwa kwa kipimo cha mwenzake aliyefunzwa, si changu mimi raia mwenye kigari cha IST. Sawa. Aliyefunzwa, lakini.

Jambazi mwenye bunduki mfukuzeni, sibishi. Ila mishkaki, kosa la kupakia abiria wawili pikipiki moja? Na misumari ya kutoboa tairi msimtegee: gari likipasuka tairi linaburuzika, pikipiki inamrusha mtu. Mji una njia kuu nne za kutokea: Morogoro, Iringa, Singida, Arusha. Redio ya upepo ya polisi inafika Ihumwa, kule nje ya mji, kabla dogo hajabadili gia. Nyuma ana kibati cha namba za pikipiki, zile za MC, na TRA, watu wa mapato, wanamjua tajiri wake, mwenye pikipiki. Wakikikunja kibati, basi mkague vibati vijiweni asubuhi, pikipiki zikiwa zimelala kwenye stendi.

Tena mtu mwenyewe haendi mbali. Saa moja jioni yuko Majengo, amepaki, anagombania kachumbari kwenye chipsi mayai. Mfuateni hapo. Na mwende polepole, pale kuna tuta halijapakwa rangi.