Mti vamizi upewe kazi, panga likiwa tayari

Mti ukishaitwa vamizi, yaani mgeni anayeenea na kuisonga mimea ya asili, wapenda mazingira wengi huwa wameshauhukumu: ung'olewe. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka mno. Pale udongo ulipokwisha na jua linapiga kokoto kutwa nzima, mche wa mpingo au mvule hauoni hata msimu wa pili. Anayeweza kuanza hapo ni mti wa haraka, mara nyingi uleule wenye sifa mbaya.

Machimbo ya mawe ya chokaa ya Bamburi, Mombasa, yalikuwa mwamba mtupu wa matumbawe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji iliyoyachimba, alijaribu kupanda humo aina 26 za miti. Tatu tu zikastahimili, na mvinje ndio uliobeba mzigo. Mizizi yake huishi pamoja na bakteria wanaonasa nitrojeni hewani, kwa hiyo humea hata pasipo na rutuba. Tatizo likawa majani yake makavu, yalirundikana bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wakayatafuna, mboji ikaanza kupatikana, na miti mingine ikapata pa kushika. Sasa ni msitu wenye ndege na wanyama. Mvinje huohuo, kule Florida, ni adui wa fukwe.

Kisiwani Puerto Rico nako, kibobakasi, mti wa maua mekundu kutoka Afrika, ulijaza mashamba yaliyotelekezwa. Lakini miche yake hupenda jua, haistawi chini ya mama yake, na kivuli cha miti mikubwa kikaipa miti ya asili nafasi ya kurejea.

Mathenge, mti wa miiba uliojaa Baringo, Kenya, ni habari nyingine. Uliletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni, ukamea kweli. Nani angeupunguza? Hilo halikupangwa. Mbuzi wakala maganda yake matamu, wakatawanya mbegu kila walikopita, meno yao yakaoza na kung'oka. Wakazi walipoishtaki serikali mwaka 2006, walifika mahakamani na mbuzi kibogoyo awe ushahidi. Nao mti wenyewe ukikatwa huchipua upya kisikini.

Kwa hiyo sitetei kuleta mti mgeni mahali usipokuwepo. Hilo nalipinga kabisa. Nazungumzia ule ambao tayari umejaa shambani. Kuung'oa wote kwa mkupuo ni kuiacha ardhi uchi tena, na mara nyingi utakaorudi wa kwanza ni huohuo. Afadhali upogolewe kabla haujakomaza mbegu, matawi yatandazwe chini yaoze, miche ya asili ipandwe kivulini, kisha mwanga ufunguliwe kidogo kidogo mpaka mgeni aondoke. Ni kazi ya miaka, na inahitaji watu wanaolipwa. Fedha za miradi ya miti huishia siku ya kupanda, picha zikishapigwa. Mradi wowote wa mti wa haraka usioonyesha fungu la kukata, na jina la atakayekata, usipewe kibali.