Nani Kapoteza Mpira?

Laasiri ilikuwa imeshaadhiniwa, na mie, Mungu anisamehe, nilikuwa napunga upepo uwanja wa Mnazi Mmoja, Unguja. Uwanja mtupu. Mbele yangu mpira, peke yake. Kulia kwake jiwe, kushoto kwake jiwe. Mtoto wa darasa la kwanza angejua kuwa pale ni golini. Mie niliona mpira na mawe mawili.

Nikatazama huku na huku, kitu asichofanya mtu mwenye nia safi, nikaubeba. Njia nzima najisomea: kuokota si kuiba, kuokota si kuiba. Na mwanangu alikuwa ananidai mpira tangu Sikukuu.

Barazani nikamkuta baba mkwe. Mzee huyu kasomesha chuo cha Kurani miaka mingi, na ukiingia na kitu mkononi lazima akuulize umekipata wapi.

"Nimeokota, baba."

Akavua miwani. "Basi hiyo ni luqata, mali ya kuokota, nayo ina sheria yake katika dini. Ujue mfuko wake na kamba yake, kisha utangaze mwaka mzima. Akitokea mwenyewe akazitaja alama, umpe."

"Mpira hauna mfuko, baba."

"Utajua wewe cha kukijua."

Mwaka mzima! Mwanangu akaangua kilio. Nikaazima futikamba ya mke wangu: mzingo sentimita 69. Nikaenda dukani kuupima uzito. Mwenye duka akasogeza vitunguu, akaupandisha kwenye mizani, gramu 430, akaniuliza kama siku hizi mipira inauzwa kwa kilo. Sheria za mpira zinataka sentimita 68 hadi 70 na gramu 410 hadi 450. Kwa hiyo mpira ulikuwa halali kila upande, kasoro mimi niliyeushika.

Kesho yake nikarudi uwanjani, watoto wamejaa, nikapaza sauti: "Jamani! Nani kapoteza mpira? Aje ataje alama zake!"

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimeukumbatia. Mikono ikainuka uwanja mzima, pamoja na wa muuza kahawa.

"Alama yake?" nikamuuliza wa kwanza.

"Wa mviringo."

Wa pili akasema una upepo ndani. Wa tatu nikamfukuza kabla hajafungua mdomo. Ndipo akaja kijana mdogo, miguu peku, kakunja uso.

"Ami, sisi hatukupoteza mpira. Tulikwenda kusali, tukauacha golini. Pale kwenye tundu la upepo umeshonwa kwa uzi wa buluu. Kashona bibi."

Nikaugeuza. Uzi wa buluu, mishono saba, minene kama ya gunia. Nimeupitisha kwenye futi na mizani, na bibi wa watu sikumuona.

"Na jana tumeshatangaza," akadakia mwenzake. "Msikitini. Mwizi wa mpira."

Kumbe matangazo yalianza zamani, ila anayetafutwa ni mimi.

Kesi ikasikilizwa pale pale, mashahidi kumi na mbili, wakili hakuna. Hukumu: nidake golini mpaka magharibi. Nikafungwa manane, la tisa sikuliona kabisa, nililisikia. Kisha shuti moja likapaa juu ya kichwa changu, likavuka barabara upande wa hospitali. Watoto wote wakasimama, wakanigeukia.

"Ami, kauokote wewe. Wewe ndiye fundi."