Salfa haipulizwi siku ya mnada

Huku kwetu Mtwara mkorosho unapigwa salfa, dawa ya unga, ukiwa na maua. Ukingoja korosho zianze kudondoka ndipo ukimbilie pembejeo, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, umeshamaliza kazi, na ghalani, korosho zinakosubiri mnada, utapeleka gunia moja na nusu huku unajifanya mambo ni mazuri. Hili hata mtoto wa darasa la nne analijua. Sijui kwa nini wanaosimamia michezo yetu wanaona tabu kulielewa.

Septemba 15, 2025 nilikesha, simu iko kwenye chaji, natazama marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha, Tokyo. Alphonce Simbu aliingia uwanjani akimfukuza Mjerumani, Amanal Petros. Wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48, ikabidi picha ndiyo iamue. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha! Nilipiga ukelele, mke wangu akaamka akidhani kaingia mwizi. Kulipokucha kila mtu alikuwa na picha ya Simbu, na kila kiongozi alikuwa na pongezi.

Swali langu ni dogo tu: nani alikuwa anamlisha miaka yote ile kabla ya Tokyo? Simbu ni askari wa JWTZ. Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, naye alikuwa mwanajeshi. Hiyo si bahati. Askari akiumia goti mwezi mzima, mshahara unaingia vilevile. Asubuhi anakimbia bila kuwaza unga wa jioni. Kwa hiyo mfadhili mkubwa wa riadha yetu kwa miaka mingi amekuwa jeshi, na chama cha mchezo kinampokea mkimbiaji akiwa ameshaiva. Nalishukuru jeshi, lakini kazi yake kuu ni mipaka, si kulea wakimbiaji. Na asiyetaka kuwa askari je?

Nina mpwa wangu, yuko kidato cha tatu. Kwetu huku mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo mzigo ni wangu, na sijaukataa. Anakimbia mita 1,500. Maji yakipwa asubuhi anashuka ufukweni Shangani, mchanga ukiwa mgumu, peku. Viatu vya misumari anavyo vya kuazima, wanavaa wawili, yeye na mwenzake mwenye mguu mkubwa. Zamu yake ikifika anajaza sufi mbele, vidoleni, na akimaliza anaitoa, anaikamua jasho, anaianika dirishani. Nimeiona kwa macho yangu, vitonge viwili vya sufi vimepangwa kama mayai ya njiwa.

Mwaka jana alifanya vizuri kwenye mashindano ya shule, mwalimu wake akapigiwa simu kwamba anahitajika kwenye mchujo, Arusha. Akaja dukani mbio.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Mbona unahema?”

“Nimechaguliwa. Ila wamesema kila mtu ajigharamie.”

Kutoka Mtwara mpaka Arusha ni zaidi ya kilomita 1,100, siku mbili barabarani, na mtoto wa kike hasafiri peke yake. Nikapiga hesabu ya nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, malazi, chakula. Ulikuwa msimu wa pembejeo, mfukoni hamna kitu. Hakwenda. Chama chenyewe sikitaji, maana nikikitaja kimoja nitakuwa nimevionea vingine vyote vinavyofanya hivyohivyo. Lakini mchujo wa namna hiyo unachuja wenye nauli.

Nchi hii kipaji haikuanza kukipata jana. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya hizohizo mita 1,500 mwaka 1974, Christchurch, kwa dakika 3:32.2. Lakini medali zetu za Olimpiki mpaka leo ni mbili tu, ya Bayi na ya Suleiman Nyambui, zote za fedha, zote Moscow 1980.

Waingereza nao waliwahi kuaibika. Atlanta 1996 walirudi na dhahabu moja. Wakaanza kuchukua fedha za bahati nasibu ya taifa na kuwalipa wanamichezo wao posho ya kujikimu, pamoja na makocha na madaktari, miaka minne kabla ya Olimpiki. London 2012 wakapata dhahabu 29. Sisemi tuwaige kila kitu. Wana roho ngumu wale: mpira wa vinyoya walileta shaba kutoka Rio 2016, na bado wakakatiwa fedha. Ila mpangilio wao wa kulipa kabla ya medali ndio ninaoutamani.

Na fedha za namna hiyo sisi tunazo. Sehemu ya kodi ya michezo ya kubashiri inakwenda Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Pita jioni pale stendi uone vijana walivyoinamia simu. Mkeka wa kubeti ukichanika, yaani ukipoteza, serikali imeshapata chake. Mfuko huo tunausikia zaidi timu ya taifa inapokwenda kambini au kusafiri. Sawa, ni muhimu. Hata ile ahadi ya Rais ya kulipa kila goli la Simba na Yanga kimataifa, iliyoanza 2023 kwa shilingi milioni tano, niliifurahia kama shabiki. Lakini hiyo ni zawadi. Ni bei ya mnadani, si salfa ya wakati wa maua.

Ningekuwa na sauti pale Baraza la Michezo la Taifa, ningeomba orodha. Kila chama kiandike majina ya vijana wake ishirini, kwa mikoa, na kila jina lipate posho ya mwezi, viatu na nauli ya mchujo, medali iwepo isiwepo. Anayeshuka kiwango bila sababu aondolewe, aingie mwingine. Majina yabandikwe hadharani, maana orodha ya siri ikifika kwetu huwa imeshajaa watoto wa shangazi.

Mpwa wangu bado anashuka Shangani maji yakipwa. Mwenzake wa viatu amehamia Masasi, ameondoka navyo. Sufi imebaki dirishani.