Deathstroke na kisingizio cha mkataba

Wapenzi wa katuni za DC wakianza kubishana kuhusu Deathstroke, hawachukui muda kugawanyika. Wapo wanaomwona mamluki mwenye miiko: akipokea kazi huimaliza, haui kwa starehe, na humheshimu adui anayestahili. Wengine hutaja jina moja tu, Terra, kisha hunyamaza. Kila upande una kurasa zake za kuonyesha, maana Slade Wilson, ndilo jina lake halisi, amepita mikononi mwa waandishi wengi tangu Desemba 1980, mwandishi Marv Wolfman na mchoraji George Pérez walipomleta katika toleo la pili la The New Teen Titans. Wakati huo alijulikana kama Terminator, miaka minne kabla ya filamu ya Arnold Schwarzenegger kulifanya jina hilo kuwa lake.

Watetezi huanzia kwenye toleo hilohilo, na wana haki. Genge la H.I.V.E. linampa nguvu kijana Grant ili awaangamize mashujaa vijana wa Titans. Mwili wake unashindwa kuzihimili, na kijana anakufa. Grant ni mtoto wa Slade. Baba anaubeba mkataba wa marehemu na kuapa kuumaliza. Kwa hiyo, wanasema, anawawinda Titans kwa sababu ya deni, wala si kwa uovu wa moyoni.

Lakini hebu tujiulize ni nani hasa aliyemuua Grant. Si Titans. Ni wale waliomuuzia nguvu ambazo mwili wake usingeziweza, na hao ndio Slade anaowafanyia kazi baada ya mazishi. Mkataba unampa namna ya kuomboleza bila kuulizwa yeye mwenyewe alikuwa wapi mtoto alipokuwa akipotea. Tangu siku ya kwanza, miiko yake inamkinga yeye.

Wolfman alilijua hilo. Katika The Judas Contract ya 1984, Adeline, mkewe wa zamani, anasimulia jinsi mtoto wao mwingine, Joseph, alivyotekwa na mhalifu aitwaye Jackal, aliyetaka jina la mteja wa Slade. Slade alikataa kulitaja, akitumaini wepesi wake. Kisu kilipita kooni mwa mtoto. Joseph akapona, ila sauti haikurudi. Adeline akamfyatulia mumewe risasi, na jicho la kulia likaenda. Heshima ya kikazi ilitunzwa, na aliyeilipia ni mtoto.

Tatizo ni kwamba hadithi hiyohiyo inamchekea upande wa pili. Terra, msichana ambaye hajafikia utu uzima, anapenyezwa na Slade ndani ya Titans kama jasusi, na wawili hao wana uhusiano wa kimapenzi. Wolfman na Pérez walikusudia Terra awe msaliti asiye na chembe ya majuto, na mwishoni lawama zote zinamwangukia yeye: ana wazimu, anazikwa na kifusi cha hasira zake mwenyewe. Mwaka uliofuata Beast Boy, shujaa wa Titans aliyempenda Terra, anamfuata Slade kutaka kumuua, na wanaishia kuzungumza na kuelewana. Najua wapo wanaouona ule ukurasa kuwa wa ukomavu mkubwa. Mimi naona mtu mzima aliyemtumia mtoto akisamehewa mapema mno.

Biashara nayo ilichangia. Mwaka 1991 alipewa mfululizo wake mwenyewe, uliodumu hadi 1996, na mhusika mkuu wa kila mwezi hawezi kuachwa achukize kupita kiasi. Hata alipomuua Joseph, mapema katika miaka hiyo ya 1990, ilikuwa kwa sababu kijana alikuwa amepagawa na roho za Azarath, ulimwengu mwingine katika hadithi hizo.

Miaka ya 2000 pendulo ikaruka hadi mwisho. Anamdunga binti yake Rose dawa inayomvuruga akili, hadi binti anajitoboa jicho ili afanane na baba. Kisha, katika hadithi ya DC iitwayo Infinite Crisis, anashiriki kuuangushia mji wa Blüdhaven jitu la kemikali liitwalo Chemo. Wasomaji walilalamika kwamba amegeuzwa mhalifu wa bei rahisi. Kuhusu Blüdhaven nawaunga mkono. Kufuta mji mzima si kazi ya muuaji wa kukodiwa. Kuhusu Rose, hapana. Yule ndiye Slade halisi.

Je, ingekuwa bora asiwe na familia kabisa? Mfano upo, tena una mkono wa Wolfman huyohuyo: Bullseye wa Marvel, aliyebuniwa pamoja na mchoraji Bob Brown mwaka 1976. Aliwaua wanawake wawili waliopendwa na shujaa Daredevil, Elektra mwaka 1982 na Karen Page mwaka 1999, na hakuna anayebishana kama ana heshima. Asili yake huibadilisha kila anapoulizwa. Anatisha sana akiingia katika hadithi ya Daredevil, lakini mpe vitabu vingi vyake peke yake uone. Ndani hamna mgogoro wa kuvibeba.

Aliyeupata ufunguo, kwa maoni yangu, ni mwandishi Christopher Priest, katika mfululizo wa Deathstroke wa 2016 hadi 2019. Hakumsafisha Slade wala hakumwongezea pembe. Mwaka 2017 Slade anajaribu kurudi nyuma katika wakati ili amwokoe Grant, anashindwa, kisha anaapa kutoua tena na kuunda timu ya mashujaa iitwayo Defiance. Anawaingiza Rose, Joseph na hata Terra, ambaye katika historia mpya ya DC yu hai. Kila mmoja wao amewahi kuumizwa na Slade, na sasa Slade ndiye kiongozi wao na mwalimu wao wa wema. Toba yenyewe inageuka kazi nyingine aliyojipangia, watoto wakiwa vifaa vyake, na Priest haoni haja ya kutuambia kama tumwamini.