Mkutano wa kuchagua bodi uitwe Jumamosi

Mwandishi mmoja amesema wazazi wa Kisumu hawajitokezi kugombea viti vya bodi ya shule. Ndugu, mimi nilijitokeza. Mkutano uliitwa Jumatano saa nne asubuhi, wakati nusu yetu tuko soko la Kibuye tukiuza. Nilifunga kibanda changu cha omena nikaenda. Tulipiga foleni uwanjani nyuma ya wagombea, mwalimu akihesabu vichwa kwa kidole. Nyuma yangu walisimama akina mama 14, leso viunoni, mmoja bado ameshika kipimo chake cha maharagwe. Nilikuwa wa tatu kwa kura. Majina yalipopelekwa kwa bodi ya elimu ya kaunti, langu halikuwemo. Hakuna aliyenieleza sababu mpaka leo, na bado inaniuma.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka viti sita vya wawakilishi wanaochaguliwa na wazazi au jamii ya pale. Mfadhili wa shule ana vitatu, walimu kimoja. Hakuna kundi lenye viti vingi kushinda sisi! Na bodi hiyo ndiyo inayoajiri walimu pale TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, haijaleta wa kutosha, walimu ambao mshahara wao unatoka mifukoni mwetu. Tutakosaje kutaka kujua?

Nafasi ikitokea nitagombea tena. Ombi langu kwa walimu wakuu: iteni mkutano Jumamosi alasiri, na hesabu ya kura ibandikwe ukutani kabla wazazi hawajatoka getini.